Beki wa Kinu na Mtani Wake wa Manyoni

Nimestaafu mwezi uliopita. Vijana wa stoo mmenipa saa ya ukutani, kanga mbili za mama watoto, na ombi moja: niandike jinsi nilivyofanya kazi. Saa nimeitundika. Kanga zimepokelewa na mwenyewe. Ombi ndilo lililonisumbua, maana faili langu linasema nilikuwa mtunza stoo, na nyie mnaamini mafaili. Ukweli ni kwamba miaka yangu ya mwanzo katika kinu hiki cha mafuta nililipwa kupiga watu. Sikupiga kwa kificho. Nilipiga saa kumi alasiri, mbele ya watazamaji, nikiwa nimevaa jezi.

Habari za vyeo sitaziandika. Zimo kwenye faili, na hazichukui nusu ukurasa.

Nilipoanza, kinu kilikuwa mali ya shirika la umma, na shirika lilikuwa na timu ya mpira. Mchezaji akionekana kufaa, aliajiriwa. Kazi yenyewe ilitafutwa baadaye. Mimi nilitoka Iguguno na cheti cha darasa la saba pamoja na mguu wa kushoto wenye sifa mbaya. Siku ya kwanza nilikaa mbele ya Bi. Tabu, afisa utumishi, mwanamke aliyepiga taipu bila kutazama mashine. Alinisomea majukumu yangu: kupokea magunia ya alizeti, kuyapanga, kuangalia panya. La mwisho lilisema, "Na kufanya kazi nyingine yoyote utakayopangiwa na mkuu wako."

Nikauliza hiyo kazi nyingine ni ipi.

Bi. Tabu aliinama kidogo, akaitazama miguu yangu chini ya meza. "Utaambiwa Jumapili," akasema.

Mkuu wangu alikuwa Mzee Kitundu, naye wa kwetu Iguguno, Mnyiramba kama mimi. Alikuwa mtunza stoo mkuu, na kabla magoti hayajamkatalia alikuwa beki wa kutisha. Alinifundisha kazi zote mbili kwa wakati mmoja, tena katika chumba kimoja. Asubuhi alinifundisha hati. Gunia halitoki stoo bila hati yenye saini, hata akija meneja mwenyewe na gari linanguruma nje. Mchana, watu wakienda kula, alinisimamisha mbele ya gunia la alizeti na kuniambia nilipige teke. Ukilipiga vibaya, kidole kinaumia. Ukilipiga vizuri, gunia linahama na wewe unabaki umesimama. Nilipiga magunia miezi mitatu kabla sijaruhusiwa kupiga mtu.

Vifaa vyetu vilikuwa haba. Kinga ya ugoko ilikatwa kwenye boksi la sabuni na kusukumwa ndani ya soksi. Njumu zilishonwa upya na fundi wa sokoni kwa uzi wa kushonea magunia. Kulikuwa na kopo la dawa ya kuchua iliyonuka hata mashabiki wa upande wa pili walijua nimefika. Zaidi ya hivyo kulikuwa na maneno ya Mzee Kitundu. Alisema usipige ukiwa na hasira, kwa sababu mwenye hasira hukosa shabaha na hukamatwa na refa. Alisema pia kwamba ukimwangusha mtu, mwinue kwa mikono miwili na umpe pole, ili wazee walioko uwanjani wajue una malezi. Na lengo ni kumpunguza mtu mbio tu. Jumatatu naye ana kazi kwao.

Watu wakaniita Breki. Nililipenda jina hilo kuliko lile nililobatizwa, Zakaria.

Kisha zikaja enzi za ruksa. Tuliamka tukakuta mitumba sokoni, sabuni za kila rangi, na tangazo getini kwamba kinu kimeuzwa. Mnunuzi alikuwa Alhaji Mbaraka. Babu yake alikuja Singida kutoka pwani na majora ya kitambaa, akaoa hapa, akabaki hapa. Alhaji hakuwa mtu mbaya. Alisalimia watu, alisali, na alikuja na meza mpya na neno jipya, ushindani. Alilitumia kwenye kila jambo. Choo kikiziba, tatizo lilikuwa ushindani.

Tulidhani ataifuta timu. Kumbe yeye ndiye aliyeipenda kupita kiasi. Kule Manyoni tajiri mwingine alikuwa amefungua kinu na timu yake, iliyoitwa Stesheni, na Alhaji alikuwa na hakika kwamba mama wa nyumbani hununua mafuta ya kinu ambacho timu yake imeshinda. Sijawahi kumwona mama huyo. Lakini sera yote ya kampuni ilimtegemea yeye.

Mwanzo wa msimu Alhaji alitukusanya chini ya paa la mzani. Akasema msimu ukiisha, orodha ya wanaopunguzwa itabandikwa getini. "Kila mtu anionyeshe anazalisha nini," akasema. Watu wa mashine walionyesha mafuta. Watu wa mashudu walionyesha mashudu. Ilipofika zamu yangu nilikuwa sina cha kuonyesha. Nilikuwa nakaa nyumba ya kinu na mke wangu na watoto wawili, wa tatu yuko njiani, na kwetu Iguguno shamba lilikuwa limeshagawanywa kwa kaka zangu. Nikitoka kwenye nyumba ile, sikuwa na kwingine.

Alhaji akanionea huruma kwa namna yake. Alimwagiza Bi. Tabu anitengenezee fomu. Ilikuwa na nafasi nne: Tarehe, Mahali, Aliyepigwa, Matokeo. Kila Jumatatu asubuhi niijaze na kuiwasilisha.

Mechi ya kwanza ilikuwa Iguguno, nyumbani. Winga wao alikuwa mtoto wa mjomba wangu, na mbio zake nilizijua tangu tukiwa tunafukuza ndege shambani. Dakika ya kumi nikamlaza. Kabla refa hajafika, mama yangu alikuwa ameshaingia uwanjani na mwavuli.

"Zakaria! Huyo si mtoto wa mjomba wako?"

"Ndiye, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umemsalimia kabla ya kumpiga?"

Nikasema bado. Refa akangoja. Nilimwinua binamu yangu, tukasalimiana, nikauliza habari za mjomba na za ng'ombe, mama akaridhika akarudi kukaa. Kipindi cha pili nikamlaza tena, safari hii bila malalamiko kutoka kwa familia. Kwenye Matokeo niliandika "Mazuri, wazee wanawasalimu."

Ihanja ilikuwa shida. Uwanja wao ulikuwa karibu na barabara kuu, magari yakasimama kutazama, nami nikaingiwa na tamaa ya kuonekana. Nikamfuata golikipa wao, mkulima mwenye mabega mapana kuliko mlango wangu. Sikumbuki vizuri yaliyofuata. Jumatatu nilijaza fomu kwa uaminifu, kwenye nafasi ya Aliyepigwa nikaandika jina langu. Alhaji akaniita ofisini. Akanieleza kwa upole kwamba nafasi ile si ya wafanyakazi wa kampuni.

Ndipo tukaenda Manyoni. Stesheni walikuwa na mshambuliaji aliyeitwa Luhende, Msukuma, mpakizi wa mizigo pale stesheni ya treni. Alikuwa mrefu, mwenye meno meupe, na alicheka hata akikosa goli. Kona ya kwanza nikampa kiwiko cha mbavu, safi kabisa. Akaanguka. Akainuka anacheka.

"Aa! Kumbe Mnyiramba!" akapaza sauti uwanja mzima usikie. "Mtani wangu! Babu zako tulikuwa tunawatuma kuni, wakirudi wamelala njiani. Wewe nani amekufundisha kupiga?"

Uwanja ukacheka, na benchi letu likacheka pia. Nyie mliozaliwa mjini huenda hamjui, basi nawaambia: Msukuma na sisi ni watani. Mtani akikutukana, unamtukana kwa sauti kubwa zaidi. Akichukua kitu chako, unakikomboa huku unacheka. Kitu usichoruhusiwa ni kununa. Na mimi, niliyefundishwa kutopiga kwa hasira, nilinuna. Nikamzaba Luhende kibao cha uso.

Mashabiki wetu wenyewe, waliotoka Singida juu ya lori, walitazama chini kama mtoto wao ameiba msibani.

Luhende akakaa chini, akashika shavu. "Mtani kanuna," akatangaza. "Avuliwe viatu."

Akanifungua kamba, akanivua njumu zote mbili, akazining'iniza shingoni mwake, akaendelea na mechi. Nilimwendea refa, Mgogo mmoja mtulivu. Akaniambia mambo ya watani hayamo kwenye kitabu chake na yeye hana mpango wa kuyaingiza. Nilicheza saa nzima pekupeku kwenye mbigili za Manyoni, nikimfukuza mtu anayekimbia na viatu vyangu. Tulifungwa mawili bila.

Aliyesuluhisha ni Mzee Kitundu. Alipanda basi mwenyewe na magoti yake mabovu, akampelekea Luhende jogoo, akarudi na njumu. Zilikuwa zimepakwa rangi, na ndani ya kila moja mlikuwa na karanga za kukaanga. Tangu hapo Luhende alimtembelea stoo kila alipopita Singida, na kila wiki walitumiana salamu kwa makondakta wa mabasi. Salamu zenyewe siwezi kuziandika hapa. Nyingi zilikuwa matusi, na Mzee Kitundu alizisubiri kuliko mshahara.

Alhaji hakucheka. Alikuwa amekulia hapa hapa Singida, lakini aliamini kitu chochote kinachozuia kazi kinaweza kusimamishwa kwa barua. Akamwita Bi. Tabu, akamsomea, naye akapiga taipu bila kutazama mashine. Nakala niliiona kwa macho yangu. Ilisema: "Yah: Kusitisha Utani kwa Dakika Tisini. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Uongozi unaomba utani kati ya mfanyakazi wetu na mchezaji wenu usitishwe kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho katika mechi ya marudiano. Baada ya hapo utaendelea kama kawaida. Tunatanguliza shukrani."

Jibu lilikuja wiki iliyofuata, nalo limepigwa taipu na kugongwa muhuri. Lilisema ombi limepokelewa, ila utani hauna ofisi, kwa hiyo hawakupata mtu wa kusaini.

Tulicheka wiki nzima stoo. Sikujua kwamba Alhaji alikuwa ameumia kweli. Aliniita peke yangu, akanimiminia chai kwa mkono wake.

"Breki, Stesheni wanakuja Jumapili. Jumatatu nabandika orodha. Wewe jina lako nimeliandika kwa penseli."

"Ndiyo, Alhaji."

"Yule Luhende asimalize mechi."

"Nitamkaba, Alhaji. Hatapumua."

"Sikusema umkabe. Ulimkaba Manyoni, akaondoka na viatu vyako." Akasogeza sukari upande wangu. "Sisemi umuue, astaghfirullah. Nasema asimalize. Na msimu ujao asianze."

Nilikwenda moja kwa moja hospitali. Mzee Kitundu alikuwa amelazwa tangu wiki iliyotangulia kwa kifua. Nikamweleza yote. Alinisikiliza, akakohoa, akatafuta pumzi.

"Hiyo haimo katika kazi niliyokufundisha," akasema.

"Mzee, nyumba je? Watoto je?"

Nilimkasirikia kwa kutonijibu, na hasira hiyo bado ninayo kidogo, ingawa sasa najua hakuwa na jibu la kunipa. Alifariki Jumatano. Tulimpeleka Iguguno kwa lori la kinu.

Siku ya mazishi tulikuwa tumekaa na huzuni zetu, jeneza liko ndani, akatokea mtu mrefu ametoka kwenye basi la Manyoni, vumbi hadi kwenye kope. Alikuwa Luhende. Hakusalimia mtu, kama watani wafanyavyo msibani. Aliingia ndani, akatoka amevaa koti la stoo la Mzee Kitundu, lile la kaki, na kalamu sikioni. Mikono ya koti ilimfika kwenye viwiko. Akasimama mlangoni, akazuia njia kwa mguu.

"Mnabeba nini?" akauliza kwa sauti ile ile ya mzee, na kile kikohozi chake.

Waliobeba jeneza wakasimama.

"Mzigo huu una hati?" akasema. "Hata meneja hapiti hapa bila hati! Nani kasaini? Rudisheni stoo!"

Mjane alikuwa wa kwanza kucheka. Alicheka huku anajipiga mapaja, kisha akalia kwa sauti, kisha tukalia sote, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatano kwamba machozi yangu yalitoka vizuri. Wakatafuta hati. Hakukuwa na karatasi, basi mjomba wa marehemu akachovya kidole kwenye majivu na kusaini kiganja cha Luhende. Hapo ndipo alipotoa mguu. Makaburini alishuka kaburini kabla ya mwenyewe, akajilaza, akalalamika kwamba chumba ni kidogo kwa beki. Akatusaidia kufukia hadi mwisho, na jasho lilimtoka kuliko ndugu.

Baadaye alikuja kukaa karibu nami, tukala ugali sahani moja.

"Jumapili utanipiga?" akauliza.

"Nitakupiga."

"Piga vizuri basi. Kile kibao cha Manyoni kilikuwa cha kitoto." Akachagua nyama kubwa kwenye upande wangu wa sahani, akaila, akanitazama aone kama nitanuna. Sikununa.

Nilirudi nyumbani na kumweleza mke wangu nitakalofanya, yaani kutofanya kitu. Hakunigombeza. Alikuwa anakunja nguo za mtoto ambaye hajazaliwa, akaendelea kukunja. "Sawa," akasema. "Niambie tu tutapeleka wapi vitu hivi."

Jumapili uwanja ulijaa. Alhaji alikaa kiti cha mbele chini ya turubai. Kipindi cha kwanza nilimkaba Luhende kwa haki, akanitukana kwa haki, nami nikamtukana, watu wakafurahi. Tulikuwa sare, bao moja kwa moja. Katikati ya kipindi cha pili mpira ulidunda kati yetu wawili. Luhende aliweka mguu wa kulia chini, akaukaza, ili apige na wa kushoto. Ugoko ulikuwa wazi mbele yangu kama gunia pale stoo. Refa alikuwa nyuma yake.

Sikuwa na hasira hata chembe. Ndiyo maana sikukosa.

Sauti ya mfupa ilisikika hadi kwenye turubai. Nilimwinamia, nikamshika kwa mikono miwili, nikampa pole, jinsi nilivyofundishwa. Mashabiki wa kwetu wakashangilia, maana toka mbali ilionekana ajali. Tulishinda mbili kwa moja.

Jumatatu orodha ilibandikwa getini. Ilijaza kurasa mbili. Jina langu halikuwamo. Jina la mwisho kabisa lilikuwa la Bi. Tabu mwenyewe, alikuwa amelipiga taipu bila kosa hata moja. Nilimkuta akifunga vitu vyake kwenye boksi. Fomu yangu ya wiki ile alikuwa ameshanijazia: Aliyepigwa, Luhende. Nafasi ya Matokeo aliiacha wazi. "Hiyo jaza mwenyewe," akaniambia, akabeba boksi lake.

Jumanne asubuhi nilipita hospitali kabla ya kazi, nimebeba jogoo mkubwa kuliko yule wa Mzee Kitundu. Luhende alikuwa amefungwa plasta toka nyonga hadi vidole. Daktari alikuwa ameshamwambia kwamba atatembea, ila mpira basi, na mizigo ya stesheni basi. Nikakaa pembeni ya kitanda, jogoo miguuni.

"Mtani," akasema, "nataka kujua kitu kimoja. Ile ya juzi ilikuwa ya utani au ya kazi?"

Naomba mwelewe alichokuwa ananipa. Kama ningesema ya utani, angekuwa hana haki ya kununa. Angechukua jogoo, angedai na baiskeli, angenitukana mimi na ukoo wangu wodi nzima icheke, na mwezi ujao angekuja kwangu na magongo kudai vingine. Alikuwa amelala pale na mguu uliovunjika, na bado yeye ndiye aliyenifungulia mlango. Nilitaka kuusema huo uongo kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Lakini mtu huyu alikuwa ameshuka kaburini kwa ajili ya mzee wangu.

"Ya kazi," nikasema.

Luhende alitikisa kichwa polepole. Hakucheka, na ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimewahi kumwona bila kicheko.

"Haya, ndugu," akasema. "Rudi na kuku wako. Wahi kazini."

Nikatoka na jogoo kwapani. Nilifika getini kabla ya kengele.